Pamba Juu ya Taa

Miche elfu mbili ya nyanya ilikuwa imelala kifudifudi kwenye trei zake, laini kama mchicha uliotoka jikoni. Haikuungua. Iliiva.

Inspekta Limi Masele alisimama mlangoni mwa hema, akavuta harufu, akatamani ugali. Akajilaumu kimoyomoyo. Msiba wa mtu haupaswi kumtia mwingine njaa.

Hema lenyewe lilikuwa ndani ya stoo, nyumbani kwa Martina, Mama Sesilia, pale Nyarugusu. Nguzo nne za mirunda, turubai jeupe pande zote, na juu taa nne za LED zilizotengenezwa kwa mkono. Watu walilicheka hema hilo tangu siku ya kwanza. Nchi ina jua la kugawa bure, mtu anafungia nyanya ndani na kuziwashia taa! Lakini nje kulikuwa na inzi weupe wanaokunja majani, mbuzi wasio na adabu, na vumbi la makarasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu kutwa nzima. Miche ya Mama Sesilia ilitoka humo ndani minene na safi. Waliocheka wakaanza kuweka oda.

Sasa taa moja ilikuwa chini, imevunjika, na kipimajoto kilichotundikwa kwenye nguzo kilikuwa kimepanda mpaka mwisho wa namba zake.

"Ni Cornel," alisema Martina. Alikuwa mwanamke mfupi, macho mekundu, sauti kavu. "Fundi ndiye aliyeniua. Nilikwenda msibani Bugarama jana, nimelala huko. Leo alfajiri narudi, nakuta hivi."

Cornel, fundi simu wa pale sokoni, ndiye aliyetengeneza taa. Tangu saa moja asubuhi alikuwa mahabusu. Gari la kupeleka watuhumiwa mahakamani Geita lingeondoka saa nane mchana, naye alikuwa kwenye orodha kwa kosa la kuharibu mali. Tayari wateja wawili walikuwa wamepeleka taa zake kituoni na kuzibwaga kaunta, kana kwamba polisi wamefungua duka.

Saa ya Limi ilionyesha saa tatu na robo.

"Afande," alisema Koplo Amosi nyuma yake, "jalada la donge la dhahabu lina siku nne halijasogea. Tunafungua la nyanya?"

Amosi alibakiza miaka miwili kustaafu. Kila asubuhi alimpigia Limi saluti kwanza, kwa kuwa ni bosi wake, kisha Limi akamwamkia shikamoo, kwa kuwa ni mzee wake. Hapo wote wawili walikuwa wametimiza wajibu na kazi iliweza kuanza.

Donge alilolitaja liliibwa Alhamisi. Wachimbaji sita wa duara moja, yaani shimo moja la dhahabu, walikuwa wamepata mawe mazuri, wakayasaga, wakawapa akina mama wayaoshe kwa zebaki, yale maji ya fedha yanayonasa dhahabu. Likapatikana donge kubwa kama yai la kanga, likafungiwa kwenye banda la kikundi likisubiri kuchomwa ili zebaki itoke ibaki dhahabu tupu. Asubuhi banda lilikuwa tupu. Aliyekuja kuripoti ni mwenyekiti wa kikundi, Thobias. Huyo huyo Thobias ndiye mume wa Martina, na wakati ule alikuwa sebuleni akinywa chai kwa mkono mmoja.

"Jalada moja kwa wakati," alisema Limi. Aliinama kwenye taa iliyovunjika. Taa ilikuwa imegandishwa kwenye bati nene la aluminiamu, na juu ya bati kulikuwa na manyoya meupe, mengi, yamesimama kama pamba iliyopasuka shambani.

"Nani kaweka pamba hapa?"

Martina alitazama, akatikisa kichwa.

Limi aliinua macho. Feni iliyokuwa ikivuta hewa ya moto kutoka ndani ya hema haikuungua wala kuyeyuka. Plagi yake ilikuwa imechomolewa, waya umezungushwa vizuri na kutundikwa kwenye msumari, karibu na dari.

"Mama Sesilia, wewe hufika pale?"

"Kwa kigoda. Na kigoda kiko jikoni, nachambulia maharage."

* * *

Cornel aliletwa chumba cha mahojiano bila mkanda wala kamba za viatu.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Kaa. Taa zako zimepika nyanya za watu."

"Taa zangu hazijui kupika peke yake. Nani kazima feni?"

"Ninauliza mimi."

"Samahani. Uliza hilo hilo."

Limi alikaza mdomo usicheke. "Nieleze. Ulilidhibiti vipi joto?"

Fundi akasahau yuko mahabusu. "Afande, LED haina moto wa kuonekana, ndiyo maana watu wanaidharau. Joto lake liko mgongoni. Usipolitafutia njia, linaila taa yenyewe. Kwa hiyo kila taa nimeibandika kwenye bati la aluminiamu. Bati nimelisugua kwa msasa pande zote, katikati nimepaka grisi nyeupe ya kompyuta. Joto linahamia kwenye bati. Feni inavuta hewa ya baridi kutoka chini, inapita juu ya mabati, inatokea tundu la ukutani."

"Ulipima?"

"Nilikaa pale siku tatu na kipimajoto cha vifaranga. Kwenye miche nyuzi ishirini na nane. Kwenye bati hamsini."

"Na feni ikizimwa?"

"Hema linakuwa chungu. Nilimwambia Mama Sesilia, feni ndiye mume wa nyumba hii, asilale nje hata siku moja."

"Kwenye bati uliweka pamba?"

"Pamba inashika joto, afande. Ningeweka blanketi basi."

Limi alimwonyesha picha ya lile bati kwenye simu. Cornel aliitazama muda mrefu. Kwa mara ya kwanza alionekana kuogopa.

"Hiyo sijui. Ila bati limetafunwa. Taa imeanguka kwa kuwa bati limetafunwa."

Amosi, aliyekuwa ameegemea mlango, akaja taratibu akaichukua simu. Limi alikuwa amehamishiwa Geita kutoka Shinyanga mjini miezi mitatu tu iliyopita, na pamba aliijua ya shambani. Amosi alikuwa amezeekea machimboni.

"Afande, akina mama wa kuosha dhahabu hapa Nyarugusu wote wanatumia beseni la plastiki. Umewahi kujiuliza kwa nini?"

"Nijibu."

"Zebaki ikigusa aluminiamu iliyokwanguliwa, inaitafuna mpaka inaota manyoya meupe. Sufuria inatoboka. Kila muoshaji anajua. Wachimbaji wa chini, wa nyundo na tindo, hawaoshi. Wengi hawajui."

Limi alihesabu kichwani: stoo inayochekwa na kijiji kizima, mahali ambapo hakuna mwenye haja ya kuingia; taa iliyo juu, yenye joto; zebaki.

"Koplo, yale majalada mawili."

"Ndiyo, afande."

"Ni moja."

* * *

Walirudi stoo kwa Martina wakiwa na barakoa na glavu. Chini ya trei Amosi alikusanya kwa kipande cha karatasi ngumu matone matatu madogo yanayong'aa, akayafungia kwenye kichupa. Kwenye bati Limi alibandua kipande cha kitambaa, aina ile wanayokamulia donge. Akafungua dirisha la stoo na kumwamuru Martina asikanyage tena humo.

Kisha akaketi sebuleni mbele ya Thobias. Martina alisimama mlangoni. Ilikuwa saa sita kasoro.

"Baba Sesilia, jana ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Uliingia kwenye hema?"

"Mimi? Yale mambo ya mama."

"Ufunguo unao?"

"Ninao. Kuwa na ufunguo si kuingia."

"Kweli. Hata mimi nina ufunguo wa mahabusu."

Amosi alikohoa kidogo.

"Mkono wa kushoto una nini mfukoni?"

"Baridi."

Nje kuku walikuwa wamejipanga chini ya mkokoteni wakitafuta kivuli. Limi alingoja tu, na kungoja kwake kulikuwa kubaya kuliko maswali. Mkono ukatoka. Kidoleni palikuwa na alama ya pete, pete haipo.

"Pete ya ndoa iko wapi?"

"Imenibana."

"Ya dhahabu?"

"Ya dhahabu yake mwenyewe," Martina alidakia. "Aliichimba akampelekea sonara. Hajawahi kuivua."

"Itoe, Baba Sesilia."

Aliitoa mfukoni mwa shati. Pete ilikuwa nyeupe kama fedha.

Martina alisogea, akaitazama, akamtazama mumewe. Amosi alizungumza kwa upole, kama anayeeleza njia. "Dhahabu ikigusa zebaki inakuwa hivyo, mama. Hailali na zebaki ikaamka njano."

"Sijui kitu," alisema Thobias.

Limi alimgeukia Martina. "Mama, unaumwa?"

"Kichwa tu. Tangu Jumamosi. Na mdomo una ladha kama nimelamba sarafu."

"Hemani uliingia mara ngapi kwa siku?"

"Asubuhi na jioni. Namwagilia."

Limi akarudi kwa Thobias. Sauti haikupanda. "Wanaochoma dhahabu hukaa upande upi wa upepo?"

Thobias akaifumbata pete.

"Hapo juu ulikuwa unaichoma zebaki polepole, Baba Sesilia. Mkeo akaingia akavuta sumu yake asubuhi, akaingia tena jioni. Jana ukazima hata feni."

Thobias alifunika uso. Alipoongea, aliongea na meza.

"Nilidhani joto la taa litaikausha kidogo kidogo, bila moshi, bila mtu kujua. Siku tatu donge halikukauka. Mama alipokwenda msibani nikazima feni ili bati lichemke. Leo alfajiri nimekwenda kulichukua, taa ikaanguka mkononi. Miche ilikuwa imeshalala. Wallahi sikujua inaumiza ikiwa haina moshi. Mimi mtu wa chini. Sioshi, sichomi."

"Donge?"

"Kwenye buti la mvua, uvunguni."

Amosi akainuka.

"Na Cornel?" aliuliza Limi.

"Nilijua hana kosa. Nilisema nikishauza nitakwenda kumtoa."

"Mtu si shati uliloacha kwa dobi."

Thobias aliinamisha kichwa. Limi alipiga simu kituoni. Jina la Cornel litolewe kwenye orodha, arudishiwe mkanda wake na kamba zake, na zile taa zilizobwagwa kaunta azichukue. Saa saba kasoro dakika kumi. Akasema pia gari lije, lipite hospitali kwanza; mke na mume wapimwe wote wawili kabla ya mmoja wao kuandika maelezo.

Amosi alirudi na donge ndani ya kopo lenye mfuniko. La kijivu, halina uzuri wowote.

"Ungepata mgao wako," alisema Limi. "Kwa nini uwaibie wenzako watano?"

"Mgao wa watu sita unaisha kabla hujafika nyumbani." Alivuta pumzi. "Kule duarani wananiita Mheshimiwa Nyanya. Miaka minane napiga nyundo, natoka na vumbi. Unga, ada ya Sesilia, hata hizi nguo, ni yeye na miche yake. Wanaume wanacheka, nami nacheka nao. Nilitaka mara moja tu niingie hapa na kitu kizito, niweke mezani, yeye anyamaze."

Martina alikuwa amenyamaza kweli. Alivuta kiti akaketi mbele yake, magoti yakikaribia kugusana, kama watu wanaosubiri chai iive.

"Mbegu za kwanza kabisa," alisema, "alinunua nani?"

"Mbegu zipi?"

"Ule mwaka nilipoacha kuuza dagaa. Kopo la kwanza la mbegu. Na bomba la kumwagilia."

Thobias alifikiri. "Mimi. Niliuza redio."

"Basi miaka yote hii ulikuwa unakula matunda ya mbegu zako."

Gari lilisikika likikata kona. Martina aliinuka, akaenda chumbani kumtafutia mumewe sweta, kwa kuwa mahabusu sakafu ni ya saruji.