Mashine ya Sahani

Jumamosi moja ya mwaka 1956, soko la samaki la Kalundu lilikuwa limejaa hadi ukingo wa maji. Mitumbwi ilikuwa imerudi na mikeke na ndagala, wapagazi walikuwa wakishusha magunia ya chumvi kutoka meli ya Kigoma, na kila mtu alikuwa akimtaka mwenzake ampishe. Apollinarie alikuwa amechuchumaa mbele ya muuza samaki, akibonyeza tumbo la sangala kwa kidole kujua kama ni wa leo au wa jana. Alivaa kitenge cha manjano chenye ndege weusi, na kilemba cha kitambaa hicho hicho alichokifunga kwa uangalifu, maana Jumamosi ndiyo siku pekee aliyotumwa bandarini.

Aliposimama, alihisi kichwa chepesi. Watu wakacheka. Kilemba chake kilikuwa kinaning'inia kwenye ncha ya bomba la chuma, na bomba lilikuwa begani kwa kijana mrefu aliyevaa ovaroli ya buluu. Kijana mwenyewe alikuwa anakwenda zake, hajui amebeba nini.

Apollinarie alimfuata mbio huku samaki anampiga mguuni.

"Fundi," alimwita, "kilemba changu unakipeleka wapi?"

Kijana akageuka, na bomba likageuka naye, wapagazi wawili wakainama kuliepuka. Alikitazama kile kitambaa, kisha akamtazama mwenye nywele wazi.

"Minye sikukiita," alisema. "Kimenifuata chenyewe. Sasa inanibidi nijue jina la muntu kinakotoka."

Jina hakupewa siku ile. Jumamosi ya pili alikuwa amesimama pale pale bila bomba, ovaroli imefuliwa na kupigwa pasi. Jumamosi ya tatu walitembea pamoja hadi njia panda ya Kilibula, na Apollinarie akajua kwamba anaitwa Révérien, kwamba alisomea ufundi wa mabomba kwa mapadri, na kwamba alikuwa akijijengea nyumba ya matofali huko Kilibula, kuta zimeshasimama, bado paa. Naye alimweleza ya kwake. Alitoka kwenye uwanda wa Ruzizi, karibu na Sange, kwa wazazi wakulima wa pamba. Miaka miwili sasa alikuwa akiosha vyombo katika nyumba ya mkaguzi wa pamba, Mzungu, juu ya barabara ya Kalundu. Kazi za jikoni kwa Wazungu zilikuwa za wanaume, lakini Madamu alichoka kuvunjiwa sahani za harusi yake, akataka mikono ya mwanamke.

Kitu kimoja alimweleza Révérien baadaye, walipozoeana. Pale kijijini palikuwa na mjane wa kiume, mzee Thaddée, mwenye ng'ombe wengi, ambaye kila msimu alimwulizia kwa baba yake. Na kila msimu Nshimirimana, baba yake, alimjibu kwamba binti yuko kazini mjini. Jibu hilo lilitosha. Msichana mwenye kazi haitwi nyumbani hivi hivi.

"Kumbe Madamu njo ananilindia mke wangu," Révérien alimtania.

"Mke wako nani? Weye hata paa hauna."

"Paa linakuja, sheri wangu. Weye tafuta pazia."

Hakuna aliyesema zaidi ya hapo. Walikuwa na furaha, na wenye furaha huona siku ziko nyingi.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, Madamu alipokea katalogi kutoka kwa dada yake wa Ulaya. Alimwita Apollinarie mezani, akamfunulia kurasa mbili zenye picha za masanduku meupe yanayong'aa. Moja lilikuwa na kifuniko juu kama pipa, jingine lilikuwa na mlango mbele. Akasema ni ya sahani. Akataka kujua yeye angependa lipi, kwa kuwa ndiye aliyejua jikoni. Apollinarie aliona ni makabati, ya kuweka vyombo visipate vumbi la kiangazi. Alifikiri kwa bidii, kwa sababu hakuwahi kuulizwa na Madamu jambo la kuchagua. Akasema lile linalofunguka mbele ni bora, mtu hahitaji kuinamisha kichwa ndani, na juu yake panabaki mahali pa kuweka kitu. Madamu akafurahi, akaweka alama kwa kalamu. Kisha akamwomba apime nafasi iliyokuwapo kati ya sinki na dirisha. Apollinarie alipima kwa kamba, mara mbili, ili asikosee.

Siku chache baadaye simu ya ukumbini ililia. Madamu alikuwa bustanini, kwa hiyo Apollinarie aliishika kwa vidole vyenye povu.

"Allô," ilisema sauti kutoka karakana ya bandarini, alikofanya kazi Révérien. "Ninaomba kusema na mwenye kilemba."

Alicheka hadi akafunika mdomo. Révérien alisema amepiga kwa kazi kweli. Madamu amemwita aje kumsaidia kuunga kitu jikoni kitakachokuja na meli, na alitaka kujua kutoka robine ya sinki mpaka ukutani ni hatua ngapi. Apollinarie alimhesabia. Akamwuliza kabati linaungwaje na robine.

"Utaona," Révérien alisema. "Vya Wazungu viko na mambo mengi. Leo umevaa kitenge gani?"

Naye akamjibu kuhusu kitenge.

Sanduku lilifika mwezi wa tano. Kijitabu kilichokuja nalo kiliandikwa kwamba mama yeyote wa nyumbani anaweza kulifunga mwenyewe, na Madamu aliliamini neno hilo. Alivaa suruali ya bwana wake, akakunja mikono ya shati, akasoma kwa sauti huku Révérien akilala chali chini ya sinki. Apollinarie alishika tochi. Walifunga maji ya nyumba nzima, wakakata bomba na kuweka kiungo cha njia tatu. Miguu ya sanduku ilikuwa inacheza, Madamu akaichongea kabari za mti hadi likatulia. Mpira wa maji machafu uliwasumbua zaidi. Madamu aliulaza sakafuni, maji yakarudi ndani, na Révérien akamwonyesha kwamba lazima upande juu kwanza, ufungwe chini ya meza ya sinki, ndipo ushuke kwenye mfereji. Madamu alikuwa na grisi shavuni na alicheka kama msichana. Ilikuwa asubuhi nzuri. Hata Selemani, mpishi, mtu wa Kalundu asiyecheka ovyo, alikuja kusimama mlangoni na kofia yake nyeupe.

Kisha Madamu akachukua sahani za kifungua kinywa, na mafuta yake na mabaki ya yai, akazipanga ndani. Akafunga mlango, akazungusha kitufe. Sanduku likaguna, likaanza kunguruma kama mvua kwenye bati.

Walisubiri. Mlango ulipofunguliwa, mvuke ulitoka, na nyuma ya mvuke zilikuwa sahani zimesimama safu. Apollinarie alitoa moja. Iliunguza vidole. Haikuwa na doa.

Alimtazama Révérien. Révérien alikuwa anakusanya spana zake, moja moja, kwa uangalifu usiohitajika.

Selemani ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Dada, umeshikia tochi kaburi lako."

Madamu hakuwa mtu mbaya. Alingoja hadi Jumatatu, akamkalisha barazani, akampa barua ya kumsifu na gauni lake moja la maua. Alimwambia hakuwa na kazi nyingine ya kumpa, na kwamba jambo hili lilimnyima raha tangu siku ya katalogi. Ila fundi alimtuliza. Alimwuliza fundi wazi wazi kama msichana huyu hataumia, naye fundi alijibu hakuna shida, kwa kuwa atamwoa mwaka huu huu na hataki mke wake aoshe vyombo vya watu. Madamu akampongeza Apollinarie, akambusu mashavu yote mawili.

Apollinarie alimkuta Révérien Kilibula alasiri ile, juu ya nyumba yake, anapigilia bati. Alishuka ngazi mara alipomwona na furushi.

"Uliijua tangu siku ya simu," Apollinarie alisema.

"Niliijua."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungelia bure. Mashine ingekuja tu. Minye niliona, kazi inaisha, nyumba inaisha, unatoka kule unaingia huku." Alinyoosha mkono kuonyesha mlango ambao bado ulikuwa tundu. "Nimekosa nini, Apo? Nilitaka upumzike."

"Umemwambia Madamu utanioa."

"Ndiyo."

"Minye umeniambia lini?"

Révérien alisema alidhani mwenzake anajua. Walishaongea habari za paa, habari za pazia. Apollinarie alimwambia ule ulikuwa mchezo, na kwamba angeukubali mchezo ugeuke kweli siku yoyote ambayo angeulizwa. Lakini yeye amekwenda kumposa kwa mtu mwingine, amejibiwa na mtu mwingine, na zawadi waliyopeana hao wawili ni kazi yake. Madamu alimwuliza kuhusu milango ya sanduku. Révérien hakumwuliza hata hilo.

"Kaa kwanza," Révérien alisema. "Tuongee."

"Ninakwenda kwetu. Usinifuate."

Alipanda lori la pamba siku iliyofuata, na Révérien hakumfuata.

Kijijini hawakumcheka. Mama yake alifurahi kupata mikono ya shamba, na baba yake hakuuliza chochote wiki ya kwanza. Apollinarie alipalilia, aliteka maji, na kila Jumanne na Ijumaa, siku za lori, alitafuta sababu ya kuwa karibu na barabara. Mara alikuwa anauza mihogo, mara anamngoja shangazi. Walioteremka walikuwa wale wale, wanawake wenye vikapu na makarani wenye mikoba. Wiki ya tano hasira yake ilikuwa imekwisha, na alishangaa kuona kilichobaki chini yake hakikupungua hata kidogo. Alitaka kumwandikia. Akaona mwenye kosa ndiye anayeandika kwanza. Akangoja.

Mzee Thaddée alimwulizia mwezi wa saba, kama kawaida yake. Safari hii Nshimirimana hakuwa na la kujibu. Alimwita binti yake, akamwuliza kama kuna mtu mjini. Apollinarie alisema hajui. Wiki mbili baadaye alimwuliza tena, akasema hajui. Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa, ametoka barabarani, lori limepita bila Révérien, na hakusema kitu. Kwao binti akinyamaza, wazee husikia amekubali. Ng'ombe wakaletwa, wakafungiwa zizini, pombe ya ndizi ikanywewa.

Siku ya tisa baada ya pombe ile, gari dogo la mkaguzi wa pamba liliingia kijijini na vumbi lake. Dereva alibaki usukani. Révérien alishuka, shati jeupe, viatu vyeusi, amekonda. Alisalimia wazee kwa adabu, akaomba kusema na Apollinarie, nao wakasimama kando ya shamba ambapo wote waliwaona na hakuna aliyewasikia.

Alianza na habari ya Madamu. Mashine ilikuwa imekufa. Maji ya ziwa yaliacha ukoko mweupe ndani ya matundu yake, kipuri kingengojea meli hata mwaka, na Madamu alikuwa na wageni. Alikuwa anamwita Apollinarie arudi, kwa kazi yake ile ile. Alisema hayo yote kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo. Kisha sauti ikabadilika.

"Na minye pia nimekuja kwa yangu. Paa limekwisha, mlango upo. Leo ninakuuliza mwenyewe, mbele yako. Apo, utanikubali?"

Aliyangoja maneno hayo Jumanne na Ijumaa zote. Sasa alikuwa ameyapata. Gari lilikuwa pale. Ng'ombe wangeweza kurudishwa. Kungekuwa na fedheha, baba asingemsamehe kwa muda mrefu, lakini iliwezekana, wengine walishafanya.

"Mbona hukuja?" aliuliza.

"Ulisema nisikufuate. Na minye nilikuwa na hasira kidogo. Nilisema, atarudi mwenyewe."

"Révérien. Kama mashine isingeharibika, leo ungekuwa hapa?"

Alimtazama usoni alipouliza. Aliona macho yake yakitafuta jibu, yakienda kwenye gari, yakirudi. Alikuwa mtu wa kweli, na ukweli ulimchukua muda.

"Ningekuja," alisema mwishowe. "Siku moja."

"Siku gani?"

Révérien aliomba maji ya kunywa.

Apollinarie alimletea maji kwenye kibuyu, akanywa yote kwa sababu alikuwa na kiu ya kweli. Alimsindikiza hadi kwenye gari, kama mgeni yeyote anavyosindikizwa. Révérien aliuliza amwambie nini Madamu. Akasema amsalimie. Alipokwisha kukaa alinyoosha mkono nje ya dirisha, naye akaushika, mkono mgumu wenye kovu la spana aliloligusa mara nyingi njia ya Kilibula. Aliushika kitambo. Kisha akauachia, na dereva akawasha gari.

Alisimama hadi vumbi lilipotua kwenye majani ya pamba. Aliporudi, baba yake alikuwa zizini anakagua ng'ombe mmoja aliyechechemea. Hakuinua uso.

"Yule nani?"

"Fundi wa mabomba. Alikuja kuniita kazini mjini."

"Ukamwambia nini?"

Apollinarie alichukua jembe lake lililokuwa limeegemea mti wa zizi.

"Nimemwambia kazi nimeshapata," alisema, akaelekea shambani.