Injini Iliyokataa Kuazimwa

Siku Fyekajua ilipowashwa mara ya kwanza uani kwa Bi Nakijwa, majirani walidhani kimbunga kimekuja, ila kimbunga chenye adabu. Mashine ilielea kiganja kimoja juu ya ardhi, ikanusa upepo, ikakata nyasi za uwanja mzima kabla chai haijapoa, kisha ikazifunga mafungu na kuyapanga ukutani. Injini yake, ndogo kama nazi, haikunywa mafuta. Ilikunywa jua.

Na mashine ya namna hiyo ilihitajika kwelikweli. Tangu wataalamu wa jiji la Same wafunge mitambo ya kuvuta mawingu kutoka baharini na kuyakamua juu ya ile nchi kame, nyasi ziliota kwa fujo. Kuku akisinzia adhuhuri, aliamka amepotea. Jiji nalo likatunga sheria: nyumba ambayo nyasi zake zimevuka dirisha inahesabiwa gofu, na inapewa mtu mwingine.

Fyekajua haikumaliza hata mwezi. Ilizimikia uani kwa jirani, siku ya msiba wa mzee Senkondo. Ikatoa moshi mwembamba, ikajilaza chini kama mbuzi aliyeshiba. Bi Nakijwa akadai dhamana, na Kampuni ya Majani Mema ikamtuma wakala wake, Mrindoko, bwana wa makamo aliyevaa koti linalojipiga pasi lenyewe.

Mrindoko aliichunguza injini, akaeleza kwa upole kwamba haikuharibika. Ilijiua. Mpini wake ulikuwa na kitambua-viganja, na dhamana ilimruhusu mwenye mali na watu wa nyumbani kwake tu. Siku ile viganja vya mtaa mzima viliushika. Injini ikaamini imeibwa, ikajichoma roho.

Bi Nakijwa hakukana. Ulikuwa msaragambo, alisema. Mtu akifa, mtaa mzima hutoka kufyeka mahali pa kuweka maturubai, na chombo kikishafika uwanjani hakuna anayeuliza ni cha nani. Huyu akichoka, yule anapokea.

"Basi mama, kuna njia," Mrindoko akanong'ona. "Dhamana inafidia wizi. Taja jirani mmoja tu kwamba aliichukua bila ruhusa. Kesho nakuletea mpya."

Bi Nakijwa alimtazama kuanzia kiatu hadi kwenye ukosi.

"Mwanangu, niseme watu waliiba huku wakimzika mwenzao? Nyumba na jiji liichukue. Mdomo wangu siwapi."

Akaipeleka kesi kwa Msuluhishi, mashine ya haki iliyokaa ofisi ya kata, ambayo haikula rushwa kwa kuwa haikuwa na tumbo. Wakati wa kungoja, majirani walikuja na mafyekeo ya zamani kumsaidia. Wakifika ukutani, walikoanzia kumeota tena. Siku ya shauri, nyasi zilikuwa zinachungulia dirishani.

Mrindoko alisoma vifungu vyake vizuri sana. Alipoketi, Bi Nakijwa akaomba aelezwe jambo moja: kwa maandishi ya kampuni yenyewe, watu wa nyumbani ni akina nani?

"Ni wale wanaokula chungu kimoja na mwenye mali," Msuluhishi akajibu. Kampuni iliandika hivyo ili kuwafungia nje ndugu wa mbali.

"Haya. Sasa kiulize hicho kitambua-viganja kiliona nini kwenye mikono ya hao wezi wangu."

Msuluhishi akaiamsha kumbukumbu ya injini. Ikaanza kutaja, kiganja baada ya kiganja: mahindi, maharage, tui la nazi. Mahindi, maharage, tui la nazi. Tui lile lile, chumvi ile ile, imezidi kidogo.

"Makande ya msibani," alisema Bi Nakijwa. "Sufuria langu. Nami nilikula humo. Na chumvi aliizidisha shemeji yangu, si mimi."

Ofisi nzima ilicheka, isipokuwa Mrindoko. Kampuni ikaamriwa kufunga injini mpya.

Mrindoko aliileta kesho yake, akaifunga, akamwomba Bi Nakijwa aweke kiganja. Bi Nakijwa akaficha mikono nyuma. Alisema haweki mpaka mtaa mzima uitwe, kila mtu asajiliwe. Mrindoko akavua koti, akaketi kwenye kigoda, akasajili viganja mpaka jua likainama.

"Kwani mlitega hivi kwa nini?" Bi Nakijwa akamuuliza, akiwa na sahani ya makande mkononi.

"Anayeazima hanunui, mama." Akafuta jasho. "Kule kwetu kwenye nyumba za minara mbinu hiyo imefanikiwa. Kila mlango una vyombo vyake. Baba yangu alizikwa na mashine nne, nzuri, zina heshima. Mtu nilikuwa mimi tu."

Bi Nakijwa alimwekea sahani magotini, akasimama pale pale. Mrindoko akaiangalia, akanawa, akala mpaka akaisafisha. Halafu akasogezewa mpini.

Injini ikavuma kidogo, ikauliza kwa sauti yake ya chuma: "Kiganja kigeni. Huyu naye ni wa nyumbani?"

"Wa nyumbani," Bi Nakijwa akajibu. "Amechelewa tu."