Aneth na Walinzi Waliosahau

Aneth alisoma darasa la tano huko Murungu, wilayani Kibondo. Kila asubuhi alichota maji, akafagia uwanja, akala kiporo cha maharage, kisha akaongozana na rafiki yake Shadia kwenda shule. Muhula huo surua ilimlaza nyumbani. Homa ilipotulia na vipele kufifia, alirudi darasani amekonda lakini mchangamfu. Timu ya mpira wa pete ilikuwa ikijiandaa kwenda kushindana Kibondo mjini, naye ndiye aliyekuwa mfungaji.

Haukupita muda, sikio lake la kushoto likaanza kuuma.

"Mwana wanje," mama yake, Veronica, alimwita kwa Kiha, yaani mwanangu, "mbona unashikashika sikio?"

"Limeingia maji tu nilipokuwa nikioga, mama."

Shuleni nako Mwalimu Castory alimuuliza kama amepona kabisa. "Nimepona, mwalimu," alijibu. Aliogopa kuachwa na timu.

Jioni moja wakiwa mazoezini, mwalimu alipuliza filimbi. Wote wakasimama isipokuwa Aneth. Aliruka, akafunga, akageuka akicheka. Wenzake walikuwa wakimkodolea macho.

"Hukusikia filimbi?" Shadia alimsogelea, kisha akapunguza sauti. "Aneth, sikio lako linatoa usaha."

Mwalimu alimwita mama, wakampeleka kituo cha afya. Daktari Mwanaamina, mwenyeji wa Tanga, alilimulika sikio na kulichunguza.

"Lakini daktari, surua si ilishaisha?" mama aliuliza.

"Imeisha, mama. Ila mwili una walinzi wake, chembe nyeupe za damu. Baadhi yao hukumbuka magonjwa waliyowahi kupigana nayo. Surua huwashambulia hao hao. Mwili ukiishinda, hauisahau tena surua, lakini unaweza kuyasahau magonjwa mengine kwa miezi, pengine hata miaka. Ndipo vijidudu vya sikio au vya mapafu vinapopata njia."

"Na chanjo je?" Aneth aliuliza.

"Chanjo huwafundisha walinzi kuitambua surua bila kuwaangamiza."

Mama aliinamisha kichwa. "Huyu aliikosa. Tulikuwa tumehamia shamba la mbali. Mdogo wake Obedi bado dozi ya pili. Kesho nitamleta."

Aneth alipewa dawa, akaonyeshwa namna ya kulikausha sikio kwa kitambaa safi. Timu ilikwenda mjini bila yeye, ikafungwa. Alilia siku nzima. Wiki kadhaa zikapita kabla hajaanza kusikia vizuri tena.

"Nisamehe, mama," alisema walipokuwa wakimenya mihogo. "Nilikudanganya."

Veronica aliweka kisu chini.

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza. Walinzi wa ndani ya mwili wako walikuwa wamesahau kazi yao. Tulibaki sisi wa nje, mimi na mwalimu wako, na wewe ukatufumba macho. Mtoto akiumwa, aseme. Ugonjwa unaofichwa haumwogopi mtu."