Kaya Zote Ziliandika Ng'ombe Mmoja

Kila asubuhi mimi ndiye ninayefungua ofisi ya mradi wetu wa chanjo za mifugo, Katesh. Napangusa meza, nabandika maji ya chai. Siku ile maji hayakuwahi kuchemka!

Bosi wangu, Evarist, aliingia bila hata hodi.

"Doris! Chanjo imeisha Basotu, na hata saa tatu haijafika! Ng'ombe wamejaa joshoni, na homa ya mapafu iko kijiji cha jirani!"

Jamani!

Mfumo wa kuagiza chanjo kwa simu niliutengeneza mimi. Mfugaji anajaza idadi ya ng'ombe wake, mfumo unaagiza dozi. Nikafungua kompyuta.

Kaya mia mbili na nane. Kila kaya... ng'ombe mmoja!

Mmoja! Wafugaji wa Hanang!

"Maelekezo uliweka?"

"Niliweka bosi, tena kwa maandishi mekundu. Andika idadi kamili."

"Basi umepona." Akachapa karatasi papo hapo, akanisukumia. "Saini hapa."

Nikasoma. Eti wafugaji wamedanganya kwa makusudi, kwa hiyo mradi unawafuta kwenye orodha ya chanjo. Chini kuna jina langu, shahidi!

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa aibu. Hata mtu akinipita kwenye foleni nanyamaza. Nikasema tu, "Naomba kwanza nikawaone."

Njia nzima ya kwenda Basotu Evarist alikuwa anawasema. "Watu hawa hawasomi! Hata ungewawekea picha!"

Joshoni tulimkuta mfugaji mmoja, Mzee Gidamis, na fimbo yake, yuko na wazee wenzake, ng'ombe wamejaa nyuma yake mpaka huoni nyasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye maswali ya kwenye simu?"

"Ndiyo, babu. Hukuona maandishi mekundu?"

"Niliyaona. Nikayasoma mara mbili."

"Sasa mbona..."

"Niliyakataa!"

Wazee wenzake wakacheka. Mmoja akadakia, "Mie mwenyewe nilitaka kuandika sifuri, simu ikagoma!"

Mzee Gidamis hakucheka.

"Binti, ng'ombe hatajwi kwa hesabu mbele ya mgeni. Ni kumwitia balaa. Hukuambiwa?"

Hapo ndipo nilipokumbuka...

Niliambiwa!

Shangazi yangu Gaudensia ameolewa hukuhuku Basotu. Nilipokuwa natengeneza mfumo alinionya, "Usiwaulize idadi, mwanangu, hawatakwambia." Nikamjibu kisomi kabisa, "Usijali shangazi, nitaweka maelekezo."

Kumbe aliyepuuza maelekezo ni mimi!

Nikamgeukia Mzee Gidamis. "Babu, mwaka jana kwako zilitumika chupa ngapi za chanjo?"

"Mbili," akajibu papo hapo. "Ya pili ilibaki kidogo."

Nikamuuliza wa pili. Moja na nusu. Wa tatu, tatu kamili. Hakuna aliyesita! Chupa moja najua ina dozi ngapi, kwa hiyo agizo nikalipata bila ng'ombe hata mmoja kuhesabiwa.

Swali lilikuwa rahisi hivyo, na mimi nilikuwa nakoleza rangi nyekundu.

Wewe unayesoma hapa, mtu asipofuata maelekezo yako, usikimbilie kumwita mjinga. Muulize kwanza amekataa nini. Na kama ulionywa, usijifiche nyuma ya maandishi yako.

Evarist akanishika bega, akatoa ile karatasi. "Saini, Doris, tuondoke. Hawa si ndugu zako."

Nikaipokea. Karatasi nikaichana katikati, mbele ya wazee wote.

"Sisaini! Nilionywa nikapuuza, kosa ni langu, liandike kwa jina langu! Chupa naagiza leo hii, na hakuna mtu hapa atakayefutwa!"