Kila Gari, Mstari Mmoja

Saa 2:15 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la baiskeli, mjini Randers. Ejnar alifuta makombo ya mkate mweusi mezani, akatandaza ramani ya ghala.

"Skrini za GPS za matrekta, bei yake kubwa. Mia mbili, ziko kwenye maboksi. Saa sita na dakika kumi walinzi wanakula. Nakata wavu wa uzio, naingia. Malthe analeta gari mlango wa nyuma. Gyda anabaki na kompyuta. Robo saa, tumetoka."

Malthe aliitikia kwa kichwa. Gyda, dada yake, hakuinua macho. Miaka kumi na moja iliyopita, walipofukuzwa nyumbani, Ejnar aliwapa kitanda, akawapa na kazi hii. Gyda hakuwahi kumwambia hapana.

Wiki iliyopita alidukua mfumo wa ghala na kunakili daftari la wageni. Mistari elfu nne, kila ziara mstari wake.

"Huu uchafu siusomi," Ejnar alisema. "Gari moja limeandikwa mara ishirini, huku na kule. Nataka kila gari mstari mmoja. Limekuja lini na lini, kumwona nani. Nijue lipi lina tabia ya kutokea saa sita."

"Naandika swali la SQL, mzee. Naiambia hifadhidata ikusanye kwa namba ya gari, halafu ziara zote izishone pamoja, alama ya mkato katikati."

"Shona basi. Nikifika kwenye wavu nitakupigia."

Saa 5:32.

Gari lilisimama kando ya shamba, mita mia sita kutoka ghalani. Malthe kwenye usukani, Gyda kando yake na kompyuta mapajani. Ejnar alishatangulia kwa miguu.

Jibu la kwanza lilitoka na siku zimevurugika, Ijumaa mbele ya Jumatatu. Gyda aliongeza agizo la kupanga kwa tarehe, akabonyeza tena. Mistari elfu nne ikawa mia tatu na kumi na miwili. Akaanza kuisoma.

Mstari wa mia mbili na nane ulikuwa na namba aliyoijua kwa moyo. Gari dogo la Malthe, lile la nyumbani.

*Jumatatu, meneja. Jumatano, meneja na polisi wawili. Alhamisi, polisi wawili.*

Ziara tatu, zilizokuwa zimetawanyika katikati ya mamia ya nyingine. Sasa zimekaa bega kwa bega.

Aliigeuza kompyuta. Malthe alisoma. Hakubisha.

"Umetuchoma."

"Walinidaka mwezi uliopita. Miaka minne jela, au niwape mzee."

"Na mimi?"

"Wewe nimekuombea. Wanamtaka mzee tu. Shuka, sista. Kituo cha basi kiko pale."

"Ungeniambia lini?"

"Sasa hivi."

Gyda alisubiri hasira ije. Haikuja. Aliviona vidole vyake juu ya vibonyezo, kama vya mtu mwingine.

Saa 6:09 mchana.

Simu ikatetemeka. Ejnar, anahema.

"Niko kwenye wavu. Vipi, kuna gari lenye tabia?"

Malthe alitazama mbele. Kope hazikucheza.

"Gyda? Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Sema basi. Niingie?"

"Hakuna gari, mzee. Ingia."

Alishuka bila kukata simu. Alitembea kuelekea kituoni, simu sikioni. Nyuma yake Malthe aliwasha gari, akaondoka upande mwingine.

Saa 6:12.

Kwanza alisikia mkasi ukikata waya. Kisha mbwa. Kisha watu wengi wakipiga kelele kwa pamoja, na kitu kizito kikianguka chini. Ejnar alikuwa akigumia kama amekaliwa mgongoni. Sauti yake ikatoka imebanwa:

"Gyda! Usije huku! Kimbia, mwanangu, kimbia!"

Simu ikakatika.

Basi lilifika. Gyda akapanda. Dereva alimuuliza anashukia wapi, akauliza mara ya pili. Watu waliokuwa nyuma yake wakaanza kunung'unika, naye alisimama pale, mdomo wazi, akitafuta jina la mahali popote.