Kishikio cha Protini

Mtoto alikuwa na homa mwezi wa tatu sasa. Mama yake alimfuta jasho, akamgeukia mdogo wake aliyekuwa akivaa viatu aende kazini.

"Mdogo wangu, kipimo chenu lini?"

"Leo tunasafisha protini, dada. Ikitoka safi, damu ya mwanetu itapimwa."

Mdogo mtu alifanya kazi maabara. Huko, bakteria wasio na madhara walitengeneza protini ya kijidudu kinachoshukiwa. Damu ya aliyeambukizwa kijidudu hicho huitambua protini hiyo, na hicho ndicho kipimo. Lakini bakteria wana protini maelfu. Utaichambuaje moja? Ndiyo maana waliiwekea kishikio, kipande kifupi mno mwishoni mwake. Kishikio hung'ang'ania madini ya nikeli, na nikeli imo kwenye punje ndani ya mrija, ikizitia rangi ya buluu.

Alipitisha maji ya bakteria kwenye mrija. Kisha akatia dawa ya kuiachisha protini. Hakikutoka kitu. Machozi yakamlengalenga. Akanyanyua yale maji yaliyopita, ayamwage.

"Wee! Usimwage!" alisema mkuu wake, mzee waliyemwita Babu Miwani. "Kwanza tukitafute kishikio."

Walidondosha tone kwenye karatasi, wakaweka kingamwili, yaani protini ya kinga inayokijua kishikio na kukitia weusi. Doa jeusi likatokea. Protini ilikuwamo; ilipita tu.

"Sasa tazama punje zako."

Zilikuwa nyeupe.

"Ulitia nini?"

"Dawa ya kuilinda protini, babu. Niliongeza maradufu. Niliogopa isiharibike."

"Dawa hiyo hukomba nikeli. Umeng'oa ndoano, samaki atanasa wapi? Haya, kuteleza si kuanguka."

Waliyatia maji kwenye mfuko wenye vitundu visivyoonekana, wakauloweka katika maji mengine safi. Dawa ikatoka, protini ikabaki. Wakayapitisha kwenye punje mpya. Protini nyingine zilioshwa zikaenda zake. Hii iling'ang'ania mpaka ilipoachishwa, safi kabisa.

Siku ya tatu damu ilipimwa. Ugonjwa ukajulikana, na dawa yake ilikuwapo kabatini hospitalini. Baada ya wiki mbili homa ilikwisha.

Dada alishukuru sana. Kisha akauliza polepole, "Dawa hii ilikuwepo hata mwaka tuliomzika kaka yake mtoto, aliyekufa kwa homa kama hii?"

"Ilikuwepo, dada. Kipimo ndicho hakikuwepo."

Walilia pamoja. Kesho yake mdogo mtu aliwahi kazini. Damu za watoto wengine zilikuwa zinasubiri.