Ogola Aliacha Kutembea

Mwaka 1991, pale Asembo Bay, hakukuwa na mama asiyemjua Dani Lornah. Dani ni nyanya kwa Kijaluo. Mtoto akichelewa kutembea, alipelekwa kwake. Dani alichimba shimo ufuoni, akamtia mtoto hadi kiunoni, akamzungushia mchanga wenye joto. Kisha akaimba. Mtoto alicheka, mama alicheka, na Dani alicheka kuwashinda wote.

Mjukuu wake Ogola hakuhitaji mchanga. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na miguu yake haikujua kutulia.

Asubuhi moja mama yake, Dorca, alimwachia shemeji yake Zadock, akaenda sokoni. Aliporudi, Ogola alikuwa amelala kimya. Alipomwinua, mtoto alilia vikali. Alipomsimamisha, miguu ililegea.

"Alianguka kitandani," Zadock alisema.

"Leteni yeye hapa," Dani alisema haraka. "Mchanga itanyosha hiyo miguu."

Shimo lilikuwa tayari jirani yao Salme alipopita. Salme alikuwa muuguzi wa zahanati.

"Dani, ngoja kwanza! Jana huyu mtoto alikuwa anatembea?"

"Jana? Hata leo asubuhi amekimbiza kuku!"

"Basi hajachelewa kutembea. Kuna kitu imemuumiza. Usimsimamishe. Usimkande."

Salme alimtazama mgongo. Hakukuwa na kidonda wala alama. Lakini katikati palikuwa na uvimbe mdogo, na Ogola alilia ulipoguswa. Nepi yake ilikuwa kavu tangu asubuhi.

"Mgongo inaweza kuumia ndani na ngozi ibaki safi," Salme alieleza. "Mtoto mdogo akitikiswa kwa nguvu, ama akibwagwa chini, uti wa mgongo unaumia. Miguu inalegea. Hata mkojo unaweza kukataa kutoka."

"Si alianguka kitandani?" Dorca aliuliza.

"Mama Ogola, nyinyi mnalala kwa godoro, chini sakafuni. Kuanguka hapo hakuvunji hata yai."

Zadock aliinamisha kichwa.

Walimtelezesha Ogola juu ya ubao, mwili ukiwa umenyooka. Waliweka leso zilizokunjwa kando ya kichwa na kiuno ili asigeuke. Pikapu ya samaki iliwapeleka hospitali ya Kombewa polepole. Kila shimo barabarani, dereva alikemewa na Salme.

Picha ilionyesha mfupa wa mgongo umepasuka.

"Mtoto aliumia vipi?" daktari aliuliza.

Dorca alimtazama mama mkwe wake kwa hofu. Zadock ni mtoto wa tumbo lake. Je, atamficha? Ogola akirudi kwa mkono uleule, mara ya pili huenda asisimame tena maishani.

Dani alifuta machozi. "Daktari, nilikuwa jikoni. Mtoto alilia, halafu nikasikia kishindo. Nikachungulia, nikaona Zadock anambwaga chini tena, kwa makalio. Nilinyamaza kwa sababu ni kijana yangu. Nilidhani mchanga itamaliza. Lakini Ogola pia ni damu yangu. Andika hivyo."

Daktari aliandika. Zadock alikiri mbele ya chifu, akapelekwa polisi. Hakuachiwa mtoto tena.

Ogola alilazwa wiki nyingi, mgongo umefungwa plasta. Siku moja alichezesha kidole gumba cha mguu. Dorca alipiga kigelegele, na wodi nzima ikamjibu!

Dani aliendelea na mchanga wake. Lakini kabla ya kuchimba, sasa alimuuliza kila mama, "Mtoto aliwahi kutembea? Aliacha lini?" Aliyeacha, Dani mwenyewe alimpeleka kwa Salme mbio mbio.

Mwezi wa Desemba, Dorca alikuwa akipanga samaki kwenye karai. Mkono mdogo ulipita chini ya kwapa lake, ukashika ngege mmoja kwa mkia.

"Mwizi!" Dani alipiga kelele, akamfuata Ogola ufuoni. Dani alikimbia hatua kumi, akashindwa, akakaa chini akihema.

"Dorca! Mtoto yako anatoroka na samaki!"

Dorca alicheka huku machozi yakimtiririka.

"Wacha akimbie, Mama. Wacha akimbie!"